Anime (katuni za Kijapani) bora za 2023 mpaka 2025: Orb juu, Frieren ya pili, na Solo Leveling haimo

Kwenye grupu letu ubishi ni ule ule kila wiki. Mtu anatupia picha ya Sung Jinwoo wa Solo Leveling macho yanawaka, mwingine anajibu na Gojo wa Jujutsu Kaisen, alafu watu wanakesha wanabishana nani angempiga nani. Mi mapigano napenda, nimekua na Dragon Ball na Naruto kama wengi wenu, lakini nikikaa nikafikiria anime zilizotoka kuanzia 2023 mpaka 2025, zile ambazo hadi leo nikiwa kwenye daladala najikuta nazifikiria, karibu zote sio za kupigana. Ni zile zinazouliza vita ikishaisha kinabaki nini, na mtu akishakufa, kile alichokuwa anakijua kinaenda wapi. Kwangu mimi hicho ndo kitu kikubwa kilichotokea kwenye anime miaka hii mitatu, na inaniuma nikiona watu wanakipita.

Kwa hiyo orodha yangu hii hapa. Series tu, movie hazimo, iwe imeanza kurushwa ndani ya hiyo miaka (msimu mpya wa series ya zamani unaruhusiwa) na niwe nimeimaliza. Ya kwanza Orb: On the Movements of the Earth, ya pili Frieren, ya tatu Vinland Saga msimu wa pili, ya nne Pluto, ya tano The Apothecary Diaries, ya sita Delicious in Dungeon, ya saba Dandadan. Najua hapo tu kuna watu wameshaanza kuandika majibu ila subirini kwanza niwape sababu.

Naanza na Orb kwa sababu ndo wengi hamjaiona. Manga yake (yaani kitabu cha katuni ilikotoka) ni ya Uoto, ilipata tuzo ya Tezuka Osamu mwaka 2022, studio ya Madhouse wakaifanya anime ikarushwa kwenye televisheni ya NHK kuanzia Oktoba 2024 hadi Machi 2025, episodi 25 na stori inaishia hapo hapo, hamna kusubiri msimu mwingine. Ni Ulaya ya karne ya 15, nchi inaitwa Ufalme wa P (ukisikia majina ya watu tu unajua ni Poland) na dini inaitwa Dini ya C, na kwenye hiyo nchi ukikutwa unasema dunia inazunguka jua unakamatwa, unateswa, na ukirudia unachomwa moto.

Steringi ni Rafal, dogo wa miaka 12, kichwa balaa, chuo kikuu kimeshamkubali akasome teolojia. Huyu dogo maisha ameshayapigia hesabu zote, kila mtu mwambie anachotaka kusikia, wakubwa usibishane nao, utafika mbali. Alafu anakutana na Hubert, msomi aliyetoka kifungoni kwa kosa la uzushi, na Hubert anamuonyesha kitu. Ule mfumo wa zamani wa dunia kukaa katikati kila sayari ina mduara wake, juu ya huo mduara kuna mduara mwingine mdogo, kila moja na hesabu zake za peke yake, na bado unalazimika kurekebisha rekebisha ndo zikubali. Sa weka jua katikati. Sayari zote zinaingia kwenye mpangilio mmoja. Basi. Rafal anajua kabisa hii kitu inaweza kumuua na hawezi kuiachia, na sababu sio kwamba ina faida yoyote, ni kwamba ni nzuri, ule uzuri wenyewe ndo unamshika.

Hapa lazima niharibu utamu kidogo kwa sababu bila hivyo siwezi kueleza kwa nini nimeiweka juu. Sisi wote tumekua tukijua steringi hafi. Hata apigwe risasi ngapi, hata aanguke ghorofani, ananyanyuka. Rafal anakufa episodi ya tatu. Na hafi vitani wala hafi kwa bahati mbaya, anapewa nafasi ya kujiokoa, neno moja tu mbele ya mahakama na yuko huru anaenda zake chuo, na anakataa. Nilibaki naangalia skrini nikisubiri waseme ilikuwa ndoto. Alafu episodi ya nne inaanza miaka kumi mbele na watu wengine kabisa, ambao hawajawahi hata kumsikia Rafal, na kitu pekee kilichobaki ni sanduku la mawe lenye maandishi.

Hapo ndo unaelewa kwamba steringi wa hii anime sio mtu. Ni lile wazo. Linapita mkono kwa mkono, kwa mtu aliyekata tamaa, kwa mtawa mwenye kiburi, kwa msichana, na kila anayelibeba analibeba kwa sababu zake, wengine hata hawapendani. Kuna Gras, jamaa ambaye kinachomuweka hai ni kuangalia Mirihi kila usiku na kuandika imefika wapi, kwake ule mwendo wa taratibu ndo uthibitisho kwamba huko juu kuna utaratibu, mpaka usiku ambao Mirihi inaanza kurudi nyuma na moyo wake unavunjika. (Sisi leo tunajua hairudi, ni dunia yetu inaipita kwenye njia yake, ila yeye angejuaje.) Kuna Jolenta, msichana anayefanya kazi kwenye taasisi ya mambo ya anga, akili kuliko wote pale, na kwa kuwa ni mwanamke kazi yake inatoka na jina la mwanaume.

Ila scene yangu mimi ni ya Zuhura. Kuna mzee Piast, ametumia maisha yake yote kuujenga ule mfumo wa dunia katikati, na anajua kitu kimoja, kwamba kama mfumo wake uko sahihi basi Zuhura kamwe haiwezi kuonekana imejaa, lazima muda wote iwe kipande kama mwezi mchanga. Ikijaa maana yake inazunguka jua. Sa kuna Oczy, jamaa asiyejua kusoma, kazi yake ni kupigana kwa niaba ya matajiri, hapendi hata kuangalia juu kwa sababu anga inamtisha, lakini ana macho makali kuliko mtu yeyote. Wanamtoa nje usiku wanamwambia angalia Zuhura useme unaiona imekaaje. Huyo mzee amesimama pembeni anasubiri jibu la mtu asiye na elimu yoyote ambaye kwa sentensi moja anaweza kuifuta kazi ya maisha yake, na anachofanya baada ya kulisikia jibu ndo kitu kilichonifanya niipende hii anime kabisa. Sisemi ni nini. Kwenye historia halisi hizo sura za Zuhura Galileo aliziona kwa darubini mwaka 1610, kwa macho matupu sio rahisi, lakini kwa stori nakubali.

Na niseme ukweli kuhusu historia kwa sababu kuna watu watatoka hapo wanadhani ni kumbukumbu. Mateso ya namna ile kwa ajili ya jua kukaa katikati, kwenye karne ile, ni ya kubuni. Copernicus kitabu chake kilitoka 1543 na alikufa mwaka huo huo kitandani kwake. Giordano Bruno ndo alichomwa Roma mwaka 1600, na mashtaka yake yalikuwa mengi ya dini sio suala la anga peke yake, na Galileo alihukumiwa 1633. Kwa hiyo Uoto amechukua vitu vya miaka tofauti akavisogeza, na nadhani ndo maana akatumia herufi P na C badala ya kutaja moja kwa moja. Mwishoni kabisa inagusa jina la mtu aliyekuwepo kweli, na mwanafunzi wa huyo mtu mtamjua wenyewe.

Kitu kingine, adui wa humu, Nowak, mtesaji. Anang'oa watu kucha huku akiongea habari za mwanae nyumbani, hana hasira, hapigi kelele, kwake ni kazi kama kazi nyingine na jioni anataka kurudi kwake. Anime nyingi adui lazima awe na nywele nyeupe na kicheko. Huyu ni mtu wa kawaida kabisa na ndo anatisha zaidi ya wote.

Frieren sasa. Hii wengi mmeiona kwa hiyo sirudii stori yote, kikosi cha shujaa Himmel kimepigana miaka kumi kimemuua mfalme wa mashetani, wanarudi, na anime inaanzia hapo, yaani pale ambapo nyingine zinaishia. Wanaangalia vimondo pamoja, Frieren ambaye ni elf, kiumbe wa hadithi asiyezeeka haraka, na ameishi zaidi ya miaka elfu moja, anawaambia vikirudi tena baada ya miaka 50 nitawapeleka sehemu nzuri zaidi, kwa urahisi kabisa kama mtu anayesema tuonane Jumamosi. Anarudi baada ya hiyo miaka 50, Himmel amekuwa kibabu kifupi chenye upara. Alafu anafariki. Pale kwenye mazishi watu wananong'ona mbona huyu hana hata huzuni, na ndo anaanza kulia, anasema alijua kabisa binadamu wanaishi muda mfupi, kwa nini hakujaribu kumjua zaidi. Hiyo ni episodi ya kwanza! Nippon TV walirusha episodi nne za mwanzo kwa mpigo tarehe 29 Septemba 2023, saa mbili nzima, kwenye muda wa ijumaa usiku ambao kawaida ni wa movie, na ukiziangalia zote pamoja unaelewa kwa nini.

Mwongozaji ni Keiichiro Saito, aliyeongoza Bocchi the Rock mwaka 2022, na ukilinganisha hizo mbili huwezi kuamini ni mtu mmoja, kule kelele na vichekesho huku ukimya. Muziki ni wa Evan Call. Frieren mwenyewe kawekewa sauti na Atsumi Tanezaki, ambaye ndo Anya wa Spy x Family, na kwa hili tu nawaomba muangalie kwa Kijapani na sabtaito, msikilize jinsi anavyoweza kusema sentensi bila kupandisha wala kushusha na bado ukasikia huzuni ndani yake.

Wengi wakiongelea Frieren wanaongelea Aura, yule shetani wa kike, ile mizani yake na lile jibu la mwisho, na kweli ni kali. Ila kwangu uzito uko episodi ya 14. Stark amemnunulia Fern bangili (hawa wawili ndo wanaosafiri na Frieren), hajui kwamba ule mchoro wa ua wanaupeana wapendanao. Fern anamwambia, anajisikia vibaya, wanayamaliza. Alafu Frieren anapoteza pete yake ya zamani, anaitafuta, na tunaona alivyoipata, miaka mingi iliyopita sokoni, Himmel alimwambia achague zawadi, akachagua pete bila kufikiri, mchoro ni ule ule, na Himmel badala ya kumkabidhi tu akapiga goti akamvalisha kidoleni. Frieren hakujua. Himmel alijua na hakusema kitu mpaka anaingia kaburini. Hakuna mtu anayelia kwenye hiyo scene, hakuna muziki mkubwa, inapita tu na wanaendelea na safari, na mimi nilisimamisha video nikatoka nje kidogo.

Kwa nini basi ni ya pili? Kwa sababu ya ule mtihani wa wachawi. Kuanzia episodi ya 18 wanaletwa watu wengi kwa mkupuo, wengine wazuri, wengine mpaka leo majina yao siyakumbuki, na ile safari ya taratibu ya kijiji kwa kijiji inasimama. Mapambano yake yamechorwa vizuri kupita kiasi sikatai, lakini kila walipokuwa wanapigana nilikuwa nataka warudi barabarani wakasafishe sanamu za Himmel. Orb haina sehemu ambayo nilitamani iishe.

Vinland Saga msimu wa pili, studio ya MAPPA, Januari hadi Juni 2023, episodi 24. Msimu wa kwanza wa 2019 ulikuwa Wit Studio, studio ikabadilika ila mwongozaji akabaki yule yule Shuhei Yabuta, na nadhani ndo imesaidia. Watu waliopenda msimu wa kwanza wengi waliukimbia huu, wanasema ni anime ya kilimo. Ndio, ni ya kilimo! Thorfinn, yule kijana mpiganaji aliyekuwa anaruka na visu viwili akitafuta kisasi, sasa ni mtumwa kwenye shamba la Ketil kule Denmark, hana kisasi tena, hana hamu ya kitu chochote, na kazi aliyopewa yeye na mtumwa mwenzake Einar ni kukata msitu, kung'oa visiki, kulima ngano, wakiuza wajinunue. Episodi nzima wanahangaika na kisiki. Na ndani ya hicho kisiki Thorfinn anaanza kuwa mtu upya, anagundua kwamba mikono iliyokuwa inaua inaweza pia kuotesha kitu, na usiku wale aliowaua wanamjia ndotoni wote.

Kwa mtu wa pwani hii hadithi inagusa penginepo. Soko la watumwa pale Mkunazini Unguja lilifungwa mwaka 1873, sio zamani sana ukihesabu vizazi, na Bagamoyo kila mtoto wa shule amepelekwa akaonyeshwa minyororo. Anime nyingi zinaweka utumwa kama pambo la stori, steringi ananunua mtumwa mrembo na yule mtumwa anampenda, na huwa inanikera sana. Yukimura, mwandishi wa manga, hajafanya hivyo. Ketil ni bwana mwema, anaongea taratibu, anawapa watumwa wake nafasi ya kujikomboa, kila mtu anamsifu, na stori inakungoja kwa subira kabisa mpaka siku mambo yanamharibikia ndo unaona wema wa mtu anayemmiliki mtu mwingine una thamani gani. Kilichompata Arnheid, mtumwa wa kike wa Ketil, sitakiandika hapa. Kiangalieni wenyewe na mjiandae.

Na kwa wale wanaotaka ngumi, zipo. Thorfinn anataka kuonana na mfalme Canute, anaambiwa hapiti mpaka avumilie ngumi mia moja, na anasimama anazila zote bila kurudisha hata moja, alafu anaulizwa kwa nini hupigani, anajibu hana maadui. Nimeona mapambano mengi kwenye anime, hilo ndo nalolikumbuka.

Pluto. Episodi nane tu, kila moja karibu saa nzima, Netflix waliziachia zote pamoja tarehe 26 Oktoba 2023. Manga ni ya Naoki Urasawa, kachukua sehemu moja ya Astro Boy ya Osamu Tezuka ya mwaka 1964 akaigeuza stori ya upelelezi ya watu wazima. Roboti saba zenye nguvu kuliko zote duniani zinauawa moja moja, na mpelelezi Gesicht naye ni roboti na yumo kwenye hiyo saba. Urasawa alianza kuiandika 2003, mwaka ambao Marekani iliingia Iraq, na humo ndani kuna taifa kubwa linaivamia Uajemi kwa madai ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana. Hajafichaficha.

Episodi ya kwanza kuna North No. 2, roboti la kivita lililoua roboti wenzake bila idadi, limeenda Scotland kuwa mtumishi wa mwanamuziki mzee kipofu, mkali, mdomo mchafu, na kitu pekee linachokitaka ni kufundishwa piano. Limejifunika joho mwili mzima kwa sababu chini ni silaha tupu. Mzee anakataa, anasema mashine haiwezi kujua muziki. Sitaendelea, ila ukimaliza hiyo episodi moja utakuwa umeangalia movie kamili.

Na hapa nataka niwaambie kuhusu Masao Maruyama kwa sababu watu wanajua majina ya wahusika tu na hawajui nani anafanya hizi kazi zitokee. Huyu mzee, kazaliwa 1941, alianzia kwenye studio ya Tezuka mwenyewe, Mushi Production. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha Madhouse. Mwaka 2011 akikaribia miaka 70 akaanzisha MAPPA. Alafu 2016 akaanzisha M2, na M2 ndo waliotengeneza Pluto. Angalieni orodha yangu sasa, Orb na Frieren ni Madhouse, Vinland ni MAPPA, Pluto ni M2. Nne za juu zote zimetoka kwenye nyumba ambazo huyo mzee mmoja alishiriki kuzijenga, na sikupanga hivyo, nimeligundua wakati naandika hii post. Hajahusika na zote moja kwa moja, Madhouse na MAPPA zina watu wengine siku hizi, lakini kitu kilichoanzia kwa Tezuka kimepita kwa mikono kimefika hapo, na kwa Pluto mzee amerudi kuifanya stori ya bosi wake wa kwanza.

The Apothecary Diaries ni ya kuangalia na familia, ingawa ni stori ya kasri lenye masuria wa mfalme kwa hiyo chagueni umri. Maomao, binti wa miaka 17 anayejua dawa na sumu, ametekwa akauzwa kuwa mjakazi ndani ya kasri, na amepanga kukaa kimya mpaka mkataba uishe. Alafu watoto wachanga wa mfalme wanakufa mmoja baada ya mwingine, watu wanasema ni laana, na yeye akiangalia tu anajua ni poda. Ile poda nyeupe ya usoni ina risasi, mama anajipaka, mtoto ananyonya. Anaandika onyo kwenye kipande cha nguo anakifunga kwenye tawi la maua anakiacha dirishani. Mama mmoja anasikiliza, mwanae anapona. Mwingine hasikilizi. Na hata baadaye poda ikishapigwa marufuku kuna mjakazi anaendelea kumpaka bibi yake mgonjwa kwa siri kwa sababu inampendezesha, na Maomao ambaye huwa hapandishi sauti anamvaa yule mjakazi mbele ya wote. Mtu yeyote aliyeshuhudia dada yake anavyoharibika kwa mkorogo huku watu wanamsifu amependeza ataielewa hiyo hasira moja kwa moja. Natsu Hyuuga alianza kuiandika bure mtandaoni 2011, anime ikaja Oktoba 2023, msimu wa pili Januari 2025, kila mmoja episodi 24, na kesi ndogo ndogo unazoziona hazina uhusiano mwishoni zinakuja kufungana. Ningeipandisha juu zaidi kama isingekuwa ile ya Jinshi (yule ofisa mrembo wa kasri) na Maomao kuzungushwa hatua moja mbele mbili nyuma kwa muda mrefu hivyo.

Delicious in Dungeon nitapita haraka. Studio ya Trigger, 2024, episodi 24, kutoka manga ya Ryoko Kui iliyoisha 2023 na vitabu 14. Dada yake Laios amemezwa na dragoni, hawana hela ya chakula, wanaamua kurudi shimoni wakila mazimwi njiani. Watu wanaiita ya vichekesho na wanaiacha episodi ya tatu, kosa kubwa, kwa sababu baada ya kumpata huyo dada stori inageuka kuwa nzito vibaya. Ila hata bila hiyo, yule mbilikimo Senshi na sufuria lake, anavyoeleza kila kiumbe kinakula nini, nani anakula kinyesi cha nani, ukiua hiki kile kitazidi, ni ikolojia imefundishwa vizuri kuliko darasani kwetu.

Dandadan, studio ya Science Saru, Oktoba 2024, imo kwa sababu ya episodi ya saba. Nitasema wazi kwamba episodi ya kwanza ile sehemu wale viumbe wamemkamata Momo, steringi wa kike, na kumvua nguo sikuipenda na siitetei, na kuna dada zetu wameiacha hapo hapo na nawaelewa. Ila Fuga Yamashiro, na ndo series yake ya kwanza kuongoza, kwenye hiyo ya saba anachukua jini mwenye nywele ndefu ambaye tumekuwa tukimuogopa, anatuonyesha alikuwa mama aliyekuwa anafanya kazi juu ya kazi ili mwanae apate maisha mazuri, na wadai walivyokuja nyumbani. Hamna maneno mengi, ni miguu inacheza na muziki wa Kensuke Ushio, ambaye msimu ule ule alikuwa anafanya pia muziki wa Orb. Niliangalia na mdogo wangu hatukuongea kwa muda.

Sasa Solo Leveling. Najua ilichukua anime ya mwaka kwenye tuzo za Crunchyroll 2025, najua A-1 Pictures wamemwaga kila kitu kwenye ile vita ya mchwa kisiwa cha Jeju, na muziki wa Sawano unasimamisha nywele. Lakini Jinwoo akishapata nguvu hakuna anayeweza kumwambia kitu, wenzake wanabaki kusimama na kushangaa, na mimi nikishajua atashinda na nikishajua hakuna kitu kitamgharimu naangalia uchoraji tu. Jujutsu Kaisen msimu wa pili ndo iliniumiza kuiacha, zile episodi tano za mwanzo za Gojo na Geto wakiwa vijana zingeingia hata kwenye tano bora kama zingekuwa peke yake. Sehemu ya pili ya msimu huo, ile ya Shibuya, ina vipande vya ajabu lakini inachosha, na Novemba 2023 baadhi ya wachoraji wenyewe waliandika hadharani jinsi ratiba ilivyowabana, na tangu nilivyosoma hayo siwezi kuiangalia bila kuwafikiria. Takopi's Original Sin ya 2025, episodi sita, ni kali sana ila ina watoto wanaoteseka na kujiua ndani yake, mwenye moyo mwepesi asiiguse na mwenye mdogo wake ndani ya nyumba asiangalie naye.

Kama una wikiendi moja na bando la kawaida chukua Pluto, inaisha. Kama unataka ya kuangalia moja kila usiku kabla ya kulala chukua Frieren. Na Orb nawaomba kitu kimoja, angalieni tatu za kwanza kwa mpigo, msiachie ya pili, alafu ya nne ikianza na watu msiowajua msizime mkadhani mmefungua faili lingine, endeleeni tu mpaka Oczy anyanyue macho juu.